Nailoni Iliyochanwa

"Ni mimi niliyezichana."

Hapo ndipo tulipofungiwa mlango usoni wiki iliyopita, msomaji. Dereva alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati lake la vioo, haamini macho yake, na sauti hiyo ikamtokea mgongoni. Leo tugeuke pamoja naye tumwone mwenyewe.

Aligeuka. Akamwona mama mkwe wake.

Alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha jikoni mkono mmoja, kitunguu mkono wa pili, anatabasamu kama mtu anayesubiri kushukuriwa.

"Umeona palivyopendeza?" alisema. "Nimefuta mpaka pembeni."

Kwa aliyeingia hadithini leo, nitasema machache. Dereva ni mtu wa malori ya masafa. Kila mji aliolala, wenzake walitafuta bia, yeye alitafuta soko la mitumba akiulizia gemu za zamani: zile kaseti nene za plastiki zilizochezwa kwenye televisheni za mgongo enzi za utoto wake. Alianza kwa kupenda tu. Baadaye akajua kwamba gemu ambayo haijawahi kufunguliwa, ikiwa bado ndani ya nailoni yake ya kiwandani, hupanda bei kama kiwanja kilichopitiwa na barabara mpya. Ikivuliwa nailoni, ni mtumba kama mtumba mwingine.

Akamwambia mkewe, ambaye ni muuguzi na sote tunamwita Nesi: "Nyumba yetu imo humu kabatini." Wakapanga vyumba viwili, wakala kwa kujibana, wakaacha kwenda harusini wasije wakachangishwa. Alasiri ya leo alikuwa anakuja mnunuzi, mtu aliyejulikana kwa jina la Makumbusho, kuchukua kabati zima. Baada ya hapo wangeanza kujenga.

Na sasa kila boksi lilikuwa uchi.

"Mama," Dereva alisema. "Umefanya nini?"

"Nimekusaidia, baba. Nailoni inatunza unyevu. Hata kiatu kipya ukikiacha kwenye mfuko wake, siku ya kukivaa wewe unakwenda mbele na soli inabaki nyuma."

"Hivi si viatu, mama."

"Nimeona. Ni midoli. Nikajiuliza, mtu mzima ananunua midoli, mbona haichezei? Nikasema huyu mkwe wangu ana mkono mzito wa usukani, anaogopa kuichana asiiharibu. Ngoja nimchanie mimi, polepole. Nilikuwa nachana huku nakuombea."

Angekuwa mtu mwingine, jirani au hata ndugu yake wa tumbo moja, majirani wangekwisha kusikia. Lakini mkwe ni mkwe. Mkwe hatukanwi, hashikwi bega, hatazamwi hata kwa jicho la pembeni. Hasira ya Dereva ilipanda kutoka tumboni ikafika kooni, ikakuta geti limefungwa, ikarudi chini, ikapanda tena. Akapiga kigoda kofi. Kigoda kikaenda kugonga ukuta.

"Kimekukosea nini?" mama mkwe aliuliza.

"Mama, nisikilize. Hiyo nailoni ndiyo iliyokuwa mali. Kilichomo ndani si kitu. Nailoni ndiyo mali."

"Kwa hiyo huyo mgeni wako anakuja kununua nailoni?"

"Anakuja kununua kitu ambacho hakijafunguliwa."

"Na yeye atakifungua lini?"

"Hatakifungua."

"Hata akifika kwake?"

"Hata akifika kwake. Hakifunguliwi milele."

Mama mkwe alikitazama kisu chake, akamtazama mkwewe, akatikisa kichwa. "Baba, mtu akinipa sufuria na kunikataza nisiifunue mpaka naingia kaburini, mimi nitajua tu kwamba ndani hamna nyama."

"Hamna nyama vipi? Kila boksi lina kaseti yake."

"Si kila boksi. Matatu yalikuwa na sabuni."

Dereva aliyekuwa anainuka alibaki nusu, goti moja juu, goti moja chini.

"Sabuni gani?"

"Ya mche, ya kufulia. Imekatwa vizuri, imezungushiwa pamba isigonge. Nikadhani ni nyongeza, maana siku hizi ukinunua kitu unapewa na kingine. Sabuni nzuri, ina povu. Hilo shati ulilovaa nimelifulia."

Dereva alijitazama kifuani. Shati lilikuwa jeupe kuliko siku zote. Alilivuta kola akalinusa bila kutaka, na lilinukia vizuri, na hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

"Matatu yapi?"

"Yale ya rafu ya juu. Yale uliyoyawekea taa."

Yale ya taa, msomaji. Yale ambayo Makumbusho alikuwa anakuja kwa ajili yake. Mengine yote yalikuwa wali mkavu. Yale matatu ndiyo yaliyokuwa mchuzi.

Labda utauliza, mtu anaishi na boksi la sabuni nyumbani kwake bila kujua, inakuwaje? Inakuwa kwa sababu watu wa kazi hii wana desturi yao. Boksi likishaingia kabatini haliguswi. Kidole kina mafuta, pembe inalegea, nailoni inapata mkwaruzo, bei inashuka. Halipimwi tena, halitikiswi, haligeuzwi. Unakaa mbele yake, unaliangalia usoni, unamshukuru Mungu, unazima taa. Dereva aliyakagua maboksi yake matatu mbele na nyuma siku aliyoyanunua, kisha akayaheshimu kama wafu. Mtu angeweza kuyageuza jiwe na asijue.

"Nailoni zake ziko wapi?"

"Nimezikunja. Nailoni safi haitupwi, nitafunikia mabakuli."

Akazitoa kwenye droo ya vijiko, zimekunjwa kama leso. Akatoa na kipande cha sabuni kilichobaki, chembamba kama ulimi. Dereva akavitia mfukoni, akatoka bila kuaga, maana ile hasira iliyozuiwa getini sasa ilikuwa imepata barabara. Maboksi yale matatu aliuziwa na mtu mmoja tu.

Duka la Dole Gumba lilikuwa chumba kirefu, chembamba, kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza vipuri. Televisheni za mgongo zilipangwa mpaka darini. Mwenyewe aliitwa Dole Gumba kwa sababu ya sugu aliyoipata kwa kubonyeza vishikio vya gemu tangu utotoni. Alikuwa anasafisha meno ya kaseti kwa kijiti cha pamba na spiriti, anapiga mluzi.

Mluzi ulikatika. Dereva alikuwa amemkamata kola.

Akampachika kile kipande cha sabuni mbele ya pua. "Kula."

"Kaka, nimeshakunywa chai."

"Kula. Mimi nimekula cha kwako miaka yote hii, leo kula na wewe. Nilikuletea jasho langu, ukanipa sabuni ndani ya boksi. Mara tatu. Na kila mara ulinikumbatia ukaniita ndugu."

"Sabuni gani? Niachie kwanza, hii kola haina mwenzake."

"Uliniambia nisiguse. 'Kaka, usiguse, kaka, kila ukigusa unapunguza tofali moja la nyumba yako.' Sasa najua kwa nini hukutaka niguse."

Kinyozi alichungulia mlangoni na mashine yake mkononi, inaunguruma. "Kuna mtu anauawa?"

"Bado," Dole Gumba alisema. "Kaka, una hasira na una haki. Lakini mwizi hafungwi kwa hasira, anafungwa kwa ushahidi. Umekuja na nailoni zenyewe?"

Dereva alizitupa mezani. Dole Gumba, kola yake bado imo ngumini mwa mwenzake, alijikunja hivyo hivyo akazivuta chini ya taa.

"Siku ninakuuzia, ulikagua nini?"

"Mshono."

"Mshono wa kiwandani unakuwaje?"

"Mwembamba. Unapita nyuma, katikati."

"Uliukagua kwa lensi mpaka nikaona aibu mimi. Ulikuwepo?"

Ulikuwepo. Dereva angeapa mbele ya Mungu kwamba ulikuwepo.

"Basi tazama hizi," Dole Gumba alisema. "Mshono hauko nyuma. Uko ukingoni, na ni mpana. Una mistari, unaona? Imelala pamoja kama meno ya kitana. Mimi nikitaka kufunga nailoni nakopa kikausha nywele kwa huyu kinyozi, na inatoka imekunjamana kama uso wa bibi yangu."

"Kweli," kinyozi alisema. "Na hakirudishi mpaka nimfuate."

"Huu ni mkono wa mtu mwenye mashine nzuri, na mwenye subira. Mimi nauonea wivu. Maboksi yako yalikuwa halali, kaka. Yamebadilishwa yakiwa kwako."

Dereva alikuwa anaitazama ile mistari. Alikuwa ameiona mahali. Haikuwa dukani wala sokoni. Aliiona nyumbani kwake, kwenye kipakiti kitupu ambacho mkewe alikileta kutoka kazini akawekea sindano zake za kushonea.

Nesi hafanyi kazi wodini. Yuko chumba cha kutakasia vifaa vya upasuaji. Mikasi na visu vinapikwa kwa mvuke, vinatiwa kwenye pakiti, na mashine inabana ukingo wa pakiti kwa moto ili mdudu asipite. Kila ukingo unabaki na mistari yake, kama meno ya kitana.

"Umeshamjua?" Dole Gumba aliuliza kwa upole.

Ngumi ilifunguka yenyewe. Dereva alikuwa amekwisha kutoka, kaacha sabuni mezani, kachukua nailoni.

Nyuma ya hospitali kuna dirisha linalopokea vifaa vilivyotumika. Dereva aligonga kioo kwa kiganja kizima. Likafunguka. Ndani, katikati ya mvuke, alisimama mkewe, kofia ya buluu kichwani, barakoa usoni, macho peke yake nje.

Akazitandaza nailoni kizingitini.

Nesi alizitazama. Hakuuliza ni nini.

"Nani kazichana?"

"Mama yako."

Alifumba macho, akayafumbua. "Mama," alisema, na alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha hata punje. "Kumbe ni mama."

"Uliniibia."

"Ndiyo."

Njia nzima Dereva alikuwa amejiandaa kupigana na uongo. Aliubebea maneno, akayanoa. Sasa amepewa ukweli mkavu mkononi, na maneno yote hayakuwa na kazi.

"Unasema ndiyo tu?"

"Unataka niseme mara ngapi? Nilichukua. Sasa niulize kwa nini, au kama umekuja kupiga kelele sema, nifunge dirisha. Nina mikasi inapikwa huku."

"Kwa nini?"

"Macho ya mama."

"Gharama za upasuaji wa macho ya mama hospitali ilisamehe. Wewe mwenyewe ulileta habari. Tukasali pamoja, tukashukuru."

"Ulishukuru wewe. Mimi nilikuwa naomba msamaha." Nesi alisogea karibu na dirisha, na sauti yake ilishuka badala ya kupanda, na ilikuwa mbaya zaidi hivyo. "Hospitali haikusamehe hata pamba. Mama alikuwa anapapasa ukuta kutafuta mlango. Alikuwa anakunywa chai na nzi wake kwa sababu hamwoni. Nikakuomba uuze boksi moja. Moja tu. Nilikupigia magoti pale pale mbele ya kabati. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Dereva alikumbuka. Alitamani asikumbuke.

"Nitakusaidia," Nesi alisema. "Ulisema macho yanaweza kusubiri, bei bado inapanda."

"Sikuyasema hivyo."

"Uliyasema hivyo hivyo, na hukunigeukia. Ulikuwa unafuta kioo."

"Ungeniambia mapema kwamba hali ni mbaya."

"Ningekuambia, ungebadilisha kufuli."

Hapo mtu mwenye haki hakuonekana upesi, msomaji. Mmoja alimwibia mwenzi wake na kumdanganya hata katika sala. Mwingine aliketi mbele ya kioo akamwacha mzee kipofu apapase ukuta nyuma yake. Kati yao kulikuwa na nailoni tatu tupu. Macho yaliyoponywa kwa maboksi hayo ndiyo macho yaliyokuja kuona vumbi juu yake.

"Sawa," Dereva alisema. Aliuma meno mpaka taya likatoa sauti. "Sawa. Mmefanya mlichofanya, wewe na mama yako. Mmoja kaiba nyama, mwingine kavunja chungu. Alasiri hii mnunuzi anafika. Nyumba imekwenda. Umenisikia? Hakuna nyumba. Tutazeekea kwenye vile vyumba viwili, na kila mwezi mwenye nyumba atanigongea kama mbwa."

"Haijakwenda."

"Haijakwenda vipi?"

Nesi aligeuka akatazama nyuma yake. Kando ya ukuta mashine ilikuwa imewaka taa ya kijani.

"Zilete," alisema. "Zote, hata zile tatu. Sabuni nitakata nyingine. Wenzangu wanakwenda kula sasa hivi, nitazifunga kabla hawajarudi, na safari hii mshono nitaupitisha nyuma."

"Unataka nimuuzie mtu sabuni."

"Si wewe uliyenifundisha kwamba hazifunguliwi? Ulinihubiria kila jioni. Ataziweka kwenye kioo chake, atazitazama mpaka afe, na watoto wake watawauzia wengine. Kaseti au sabuni, nani atajua?"

"Mungu atajua."

"Mungu alijua pia mama alipokuwa kipofu," Nesi alisema, "na wewe hukumwonea haya."

Ningependa kukuambia kwamba Dereva alikataa. Ningependa sana. Lakini mkono wake ulianza kuzikusanya zile nailoni, akazilaza moja juu ya nyingine, akazinyoosha makunyanzi kwa kidole. Alikuwa anaiona nyumba. Aliiona mpaka rangi ya mlango.

"Mnunuzi mwenyewe ana jicho kali," alisema, bila kumtazama mkewe. "Atakagua."

"Wote wanasema wana jicho kali. Ni nani?"

"Wanamwita Makumbusho."

Dereva aliinua uso. Mkewe alikuwa ameshusha barakoa kidevuni, na midomo yake ilikuwa imekauka kama ya mtu mwenye homa.

"Rudia jina."

"Makumbusho. Amenitafuta mwenyewe kwa simu. Anasema anataka zile tatu kuliko zote."

"Huyo hawezi kuzitaka. Anazo."

"Anazo vipi?"

"Ni yeye niliyemuuzia. Zote tatu. Alikuja hapa dirishani, anasema kasikia mume wangu ana mali na hauzi. Ni yeye aliyeniletea maboksi matupu yanayofanana na yako, akanielekeza kukata sabuni ilingane uzito na kaseti. Pamba ilikuwa shauri lake."

"Kwa hiyo anajua mle ndani mna sabuni."

"Alijua kabla yako."

Waliangaliana. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hasira ya wawili hao ilitoka kati yao ikatazama upande mmoja.

"Basi anakuja kwetu kununua nini?" Dereva aliuliza.

Simu ikalia mfukoni mwake. Ilikuwa ya nyumbani. Akaiweka sauti kubwa kizingitini.

"Baba," mama mkwe alisema, mchangamfu kama kawaida, "yule mgeni wako alifika mapema. Mtu mzuri, mpole. Nimempa maji. Nilikuwa natafuta miwani ili nikupigie."

"Mama, amesema anataka nini?"

"Ndilo jambo la ajabu. Midoli yako hakuitazama hata moja. Anasema amekuja kwa ajili ya mikono ya binti yangu. Ana maboksi tele ndani ya gari lake yanataka kufungwa, na hajapata kuona mikono inayofunga vizuri kama hiyo. Nikamwambia mikono ya binti yangu inahudumia wagonjwa. Akacheka. Akasema mikono hiyo ikikataa, mkuu wa hospitali ataonyeshwa picha za ile mashine ilivyofunga sabuni. Mimi sikumwelewa. Picha gani, baba?"

Nesi alishika ukingo wa dirisha.

"Mama," Dereva alisema, "huyo mtu yuko wapi sasa?"

"Ameondoka kitambo. Amesema anakwenda huko kazini kwa binti yangu. Alisema hajui pa kuingilia, nikamwelekeza vizuri, nikamwambia apite nyuma, kwenye dirisha, asije akapotea."

Simu ilikatika. Dereva alimtazama mkewe, lakini mkewe hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama juu ya bega lake, na mkono wake ulikuwa unapapasa ukutani, polepole, kutafuta swichi ya kuzima mashine.

"Usigeuke kwa haraka," Nesi alisema. "Hayuko peke yake."